Pikipiki Iliyopanda Hadi kwa Cicily

Riungu aliinunua ile pikipiki Kangeta, nyuma ya mabanda ya miraa, baada ya kuizunguka na kuzipiga tairi teke, kama watu wanavyofanya wakitaka kuonekana wanajua. Ilikuwa ya Kijapani, ya safari ndefu, lakini fundi Mjapani aliyeiunda angeiona leo angeikana. Tangi lilikuwa limechomelewa tangi jingine ubavuni, mafuta yakawa ya kukufikisha Isiolo na kukurudisha. Shoki za mbele zilitolewa kwenye pikipiki ya mashindano, zikaiinua hadi mtu mfupi akikaa hakanyagi chini. Tairi zilikuwa na meno ya matope. Mbele kulikuwa na ngao ya vyuma vinene, mpya kuliko kila kitu kingine.

Mwenyewe, Mwongera, aliitumia kubebea miraa, na hakutaka kuiachilia kwa bei ya Riungu. Hapo Riungu akatoa lile neno. Ukoo wake na ukoo wa Mwongera ni gichiaro, ndugu wa kiapo tangu enzi za mababu. Mtu wa gichiaro akikuomba kitu humnyimi, na akikuuliza humdanganyi. Ukithubutu, laana haikosi njia ya kwako.

"Nakuomba kama gichiaro," Riungu alisema, huku anacheka.

Mwongera hakucheka. Alimpa ufunguo. "Hakuna kitu unataka kuniuliza?"

"Nikuulize nini, baite? Pikipiki si ninaiona?"

Riungu aliona amemweza. Siku hizi wajanja wanautumia undugu huo kufanyia biashara, na wazee wakisikia wanatema mate chini. Lakini nani anawasikiliza wazee?

Alipoiwasha ilikohoa mara moja, kisha ikatulia kwa sauti nene. Klachi ilikuwa ngumu, ya kuumiza vidole. Gia ya kwanza iliingia kwa kishindo. Ikienda polepole ilikuwa kero tupu, inaegemea upande kama ng'ombe anayekataa josho, na Riungu anajua ng'ombe, maana kazi yake ni kuwachanja kuanzia kwao Kiirua hadi Mikinduri, na watu wanamwita daktari naye haitiki vibaya. Lakini alipoifungulia mafuta barabarani, loo! Mashimo yaliyomvunja kiuno miaka yote aliyapita bila kuyasikia. Kwenye changarawe alisimama wima, upepo ukimjaa kifuani, pikipiki ikijitafutia njia yenyewe chini yake. Tuseme ukweli: hata siku ya harusi yake hakufurahi hivyo. Akaamua kupitia Mikinduri, aijaribu kwenye udongo.

Kando ya daraja, kwenye jiwe, Kiende alikuwa amekaa akingoja lifti. Kiende alizikwa wakati wa mvua ya Aprili. Kila jioni hukaa pale alipogongewa, amevaa sweta yake ya buluu, na mtu yeyote mwenye adabu akipita humbeba.

"Daktari, unapanda juu?"

"Napanda. Kaa vizuri."

Marehemu ni wazito kidogo kuliko walivyokuwa hai. Wanabodaboda wa Mikinduri wanalijua hilo, na hawamtozi Kiende chochote. Ila humwacha chini ya mlima, kwa sababu njia ya kwa mama yake ni utelezi mtupu. Riungu alitia gia ya pili. Yale meno yakauma udongo, pikipiki ikapanda bila kuyumba, ikapita migomba, ikapita choo cha jirani, ikasimama mlangoni.

Cicily, mama yake Kiende, alitoka akiwa na sufuria mkononi. "Leo umefika hadi mlangoni!" alimwambia binti yake. Kisha kwa Riungu: "Mungu akuongezee, mwanangu. Wengine wote wanamwachanga huko chini, apande na miguu. Na vile amechoka."

Walikunywa uji. Cicily alieleza shida yake kama anavyomweleza kila mgeni. Aliyeua lazima aje na kondoo dume, asimame uani, aseme kwa kinywa chake: ni mimi. Hapo ndipo maiti hulala. Lakini hakuna aliyekuja, na Kiende aligongwa kutoka nyuma, hakuona mtu. "Mimi sitaki afungwe," Cicily alisema. "Nataka aje tu aseme. Mtoto apumzike. Na mimi pia, jamani, nipumzike."

Kiende alikuwa ameinama mbele ya pikipiki. Alipitisha vidole nyuma ya ile ngao mpya, pale chuma cha ndani kilipopinda, akavuta uzi wa buluu. Aliupima kwenye sweta yake, mgongoni, palipochanika.

"Mami, ni hii," alisema.

Cicily aliuangalia uzi. Alikuwa ameifuma sweta hiyo mwenyewe. "Ulinunua kwa nani?"

Riungu alimeza uji uliokuwa mdomoni. "Ngoja kwanza niulize," alisema. "Nisije nikamsingizia mtu."

Kesho yake alirudi Kangeta. Mwongera alikuwa akifunga miraa kwenye majani ya mgomba, na hakuinua kichwa.

"Sasa ndiyo unauliza," alisema.

"Ni wewe ulimgonga msichana wa Mikinduri?"

"Ni mimi." Hakuweza kudanganya. "Miraa ilikuwa inanyauka, gari ya Nairobi inangoja. Nilisikia kitu kimegonga, nikaenda tu. Jioni ndiyo nikaambiwa ni mtu."

"Mama yake anataka uende na kondoo. Hataki kingine."

"Nikienda, watoto wangu wataitwa watoto wa muuaji hadi wazeeke." Mwongera alifunga fundo, akalikaza kwa meno. Kisha akamtazama. "Jana uliniomba, nikakupa. Sasa ni mimi nakuomba, kama gichiaro. Usimtaje mtu jina langu."

Riungu alifikiria kumrudishia ufunguo, lakini hilo halingefuta ombi. Na tusimwonee huruma: hakutaka kuurudisha. Njia nzima kutoka Kiirua asubuhi hiyo alikuwa akiimba.

"Sawa," alisema.

Jioni alimbeba Kiende hadi mlangoni. Cicily alikuwa amemwekea chai na viazi.

"Umepata jina?"

"Nilinunua sokoni, mama. Kwa mtu wa mbali. Simjui."

Cicily hakuwa gichiaro wake. Kwake yeye uongo hauna laana yoyote. Aliitikia kwa kichwa, akamwongezea kiazi, akamwambia ajaribu kuuliza tena, kwani yeye ni mtu mzuri. Riungu alikula kiazi hicho chote.

Jumamosi akampelekea fundi mmoja mjini Meru ile pikipiki, amchomelee vyuma vya abiria kuwekea miguu. Fundi aliuliza abiria ana urefu gani, Riungu akamwonyesha kwa mkono. Siku hiyo, pale darajani, Kiende alipanda, akaweka nyayo, akajaribu kushoto na kulia.

"Asante, daktari," alisema. "Sasa hata ikichukua miaka, sitachoka."

Riungu akatia gia.