Bakuli la Chemchemi

Tangu serikali ilipofungua biashara nauza mitumba minadani, na kwa kuwa sikai mahali pamoja nimehudhuria mikutano mingi isiyonihusu. Huu wa kijiji cha Dirma nausimulia kwa sababu mpaka leo haujanitoka moyoni.

Manyara ilikuwa imeshakatwa kutoka Arusha ikawa mkoa. Upande ule wa Hanang kulikuwa na kampuni ya shayiri, na wanunuzi wake wa Ulaya walikuwa wameanza kuuliza maswali: shamba linawafanyia nini majirani, na maji, na udongo, na miti. Kampuni ikaona haiwezi kubeba kila kitu, bora iwaulize watu kipi kina uzito zaidi. Ikamtuma Clement, kijana wa Mbulu mjini, mpole. Aliniamkia shikamoo hata kabla sijashusha furushi langu.

Alipanga mabakuli ya plastiki kwenye benchi mbele ya ofisi ya kijiji. Kila bakuli lilikuwa na karatasi, naye akawasomea watu: barabara, zahanati, ajira, vumbi la matrekta, dawa za kupulizia. Kila mtu angepewa punje za mahindi aziweke anapoona panauma. Mambo matatu yatakayopata punje nyingi yataingia kwenye mpango wa kampuni, mengine yatasubiri.

Wanaume karibu wote walikuwa wamehama na ng'ombe kufuata malisho, kwa hiyo waliokaa pale chini walikuwa wanawake wa Kibarabaig, wengi wameolewa katika ukoo mmoja. Mbele alikaa bibi Fausta, mjane, na nyuma yake wakwe zake, wake za wanawe. Mmoja wao, Perpetua, aliuliza mbona maji hayamo. Alikuwa amesikia kwamba mafundi wa kampuni wamepima chemchemi wanayokunywa, wanataka kuweka pampu ya kumwagilia shayiri.

Clement akasema maji yanaweza kuingia, ila ataje ni ya wapi. Akiandika maji tu, wakubwa wake Arusha watasema ni jambo la jumla na watalitupa.

Hapo wanawake wakatazamana. Chemchemi ile inaitwa kwa jina la mzee Gidamis, aliyeichimbua akiwa kijana. Gidamis alikuwa mume wa Fausta na baba mkwe wa wale wengine. Kwao mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mumewe wala la baba mkwe wake, hata kama mzee mwenyewe alikufa zamani. Miaka yote walikuwa wanasema maji ya chini, na kila mtu anaelewa.

"Ni yale ya chini," Perpetua akasema.

"Chini wapi, mama?"

"Chini kwa yule."

"Yule nani?"

Wakacheka wakiziba midomo. Mmoja akamwambia asubiri mvua, waume zao watarudi na kumtajia. Clement akajibu kwamba ripoti haisubiri mvua.

Nikaona nisaidie. Nikamwambia ni chemchemi ya Gidamis. Akaanza kuandika, kisha akaniuliza kwa adabu natoka kijiji gani. Nikamwambia nilizaliwa Endagikot, lakini huko sina hata nyumba. Nikasema sina kijiji. Akafuta.

"Samahani, babu. Tumeambiwa tuandike ya wadau tu, wakazi wa hapa."

"Kijiji chake ni lile furushi," mwanamke mmoja akasema, wakacheka tena.

Perpetua hakucheka. Alisimama, akajifunga vizuri shuka yake. Alikuwa na watoto wadogo na mbuzi, na hakuna maji mengine ya karibu upande ule.

"Gidamis," akasema. "Chemchemi ya Gidamis. Andika."

Bibi Fausta akajifunika shuka kichwani. Clement hakuona. Alifurahi, akamshukuru, akaandika kwa herufi kubwa, akalisoma jina kwa sauti kuhakikisha, akaliweka bakuli katikati ya mengine ili lionekane.

Wakaanza kupita na punje zao. Kila mmoja akifika katikati, mkono unaliruka lile bakuli. Maji waliyataka wote. Lakini lile bakuli lilikuwa limeshaitwa kwa jina la mkwe mbele ya watu, na mkono wa mkwe hauendi kwenye chombo cha baba mkwe. Ningesema walilichukia jina ningekosea. Waliliheshimu.

"Wekeni basi," Perpetua aliwaambia kwa sauti ya chini. "Si ni maji tu."

Hawakumtazama. Ndani ya bakuli ilibaki punje yake moja.

Nilimvuta Clement pembeni nikamweleza, nikamwambia atoe karatasi ile, achore mtungi, waanze upya. Alinielewa, na aliumia, niliona. Lakini akasema akirudia baada ya punje kuonekana, Arusha watasema amepika matokeo. Barabara ikawa ya kwanza, maji hayakuingia kwenye yale matatu. Pampu ilifika kabla ng'ombe hawajarudi.

Mwaka uliofuata nilimkuta Perpetua mnadani na punda wake, madumu matupu migongoni mwao. Alikuwa akienda mbali sasa kuchota. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema bibi Fausta alishamsamehe, pombe ya asali ilipikwa na mambo yakaisha.

"Ningemshika mkono yule kijana nimpeleke chemchemini," akasema. "Angeona mwenyewe. Mimi nikakimbilia kusema."

Nilimwambia kwamba siku ile hakuna aliyeombwa kumshika kijana mkono, waliombwa jina tu. Akachagua sweta ya mtoto, akaigeuza ndani nje, akaniuliza kama kule kwetu Endagikot maji yako karibu na nyumba. Nikasema yako karibu. Akaikunja sweta vizuri, akanirudishia juu ya rundo, akawafuata punda ili awahi foleni ya maji.