Paka wa Mkono wa Kushoto

Yule paka sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sioni haya kusema. Nilikuja kwa mwanangu kumsaidia mkewe baada ya kujifungua. Kabla hata sijatua mabegi, paka mkubwa wa kijivu akaja kuninusa viatu, akanusa mabegi, kisha akainua kichwa akanitazama usoni. Akaondoka zake polepole, kama mtu aliyeona kasoro lakini ameamua kunyamaza kwanza.

"Huyo ni Mkaguzi," mkwe wangu akasema huku anacheka. "Hakuna kinachoingia humu bila yeye kukipitia, Mama. Usimjali."

Nilimjali. Mkwe wangu ni fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho sehemu yake ya kazi: cherehani karibu na dirisha, meza ya kukatia, kioo kirefu cha wateja, na kikapu cha mabaki ya vitambaa ambamo huyo Mkaguzi alilala mchana kutwa. Kitambaa kipya kikitandazwa mezani, lazima yeye apande, azunguke, akae katikati. Na mkwe wangu anamsubiri! Mtu mzima, mkasi mkononi, anasubiri paka amalize ukaguzi. Alikuwa naye tangu akijifunza kushona, kabla hajamjua mwanangu, kwa hiyo ukifuata nani alitangulia, sisi wengine wote tulikuwa wageni wa paka.

Mimi aliyenileta ni mume wangu, yaani mjukuu wangu, mwenye mashavu ya kujaa kiganja. Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumbembeleza na kumwimbia uongo kuhusu utajiri atakaoniletea. Asubuhi moja ninamkausha, nikaona mstari mwembamba mwekundu kwenye shavu la kushoto. Nikageuka kumtazama paka. Paka naye alikuwa ananitazama.

"Amejikwaruza mwenyewe," mkwe wangu akasema.

"Kwa kucha zipi? Nilimkata juzi."

Baada ya hapo ukaja mkwaruzo mwingine, chini ya sikio, halafu mwingine kwenye mkono. Yote upande wa kushoto. Nikamwambia mwanangu, "Paka wenu ni wa mkono wa kushoto, nawaambieni." Alicheka, lakini jicho lake likaenda kwenye kikapu. Mimi nikaanza upelelezi rasmi. Nikahamishia kiti changu pale ninapoona kikapu na kitanda cha mtoto kwa pamoja, nikawa nabembeleza mtoto huku nikimvizia paka. Sikumkamata hata mara moja. Hilo lilinizidishia wasiwasi, maana asiyekamatika ndiye mjanja.

Siku mkwaruzo ulipotokea karibu kabisa na jicho, uvumilivu ukaniisha. Niliwaita wote wawili.

"Paka au mtoto," nikasema. "Chagueni. Mkisubiri mpaka jicho litoboke, msiniite."

"Mama, kucha za Mkaguzi nazikata mwenyewe," mkwe wangu akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Basi amepata nyingine."

Akamtazama mumewe. Mwanangu anafanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na ghala lao la unga lina panya wasioogopa mtu. Akakuna kichwa, akasema, "Mama ana sababu. Jicho likiharibika, tutajisamehe vipi? Pale ghalani paka atakula na atalala pakavu."

Hatukuhitaji kumkimbiza. Mkwe wangu alishusha kikapu sakafuni, na Mkaguzi akaingia mwenyewe, akazunguka juu ya vile vipande vyake vya kitambaa, akajilaza. Alijua ni kitanda. Mkwe wangu akafunga kitambaa juu, akamkabidhi mumewe, akaenda kukaa kwenye cherehani akashona bila kugeuka. Nilipita nyuma yake nikaona sindano haikuwa na uzi. Alikuwa anapitisha kitambaa kitupu, mshono mrefu wa matundu. Roho iliniuma, nikajiambia itapona.

Mwanangu alirudisha kikapu jioni kwa kuwa ni cha kazi. Mkwe wangu akakiweka palepale. Kila akitandaza kitambaa kipya alisimama kidogo na mkasi wake kabla ya kukata, akitazama meza ambayo haikuwa na mtu. Mimi nikajifanya nakunja nepi.

Kisha mkwaruzo ukarudi. Shavu la kushoto, mbichi.

Kwanza tulidhani paka anarudi kwa siri. Nilinyunyiza unga kwenye kizingiti cha dirisha ili nione nyayo, na nilichopata ni alama ya kidole cha mwanangu, aliyetaka kujua ule ni unga gani. Nikamshuku na yeye kwamba hakumpeleka paka popote, amemficha mahali. Akaapa. Nikamuuliza kwa nini anaapa haraka hivyo, akaenda zake kazini bila kunywa chai.

Halafu nikagundua kwamba kuna mtu ananipeleleza mimi. Ninapomwogesha mtoto, mlango ambao zamani ulifungwa kwa ajili ya baridi sasa unaachwa wazi. Nikimbeba, mkwe wangu anakumbuka ghafla kwamba ni saa ya kunyonya. Siku moja nilimkuta ameshika kidevu cha mtoto, anaulinganisha ule mkwaruzo na kitu fulani kwa macho, na kile kitu kilikuwa vidole vyangu.

"Mama," akasema kwa upole wote wa dunia, "nikukate kucha?"

Mimi! Niliyelea watoto wangu na wa jirani! Niliingia chumbani kwa hasira. Nilitoa begi langu chini ya kitanda, nikaanza kupanga nguo. Kisha nikasikia mtoto analia kule mbele, nikalirudisha begi. Nilizikata kucha zote mpaka kwenye nyama, nikatoka, nikaweka mikono yangu juu ya meza ya kukatia pale mbele yake, kama mteja anayeonyesha kitambaa.

Na bado mkwaruzo mwingine ukaja.

Sasa nikasema, kama si paka na si mimi, basi nitakodoa macho mpaka nijue. Nilikaa kwenye kiti changu cha upelelezi, safari hii nikamtazama mkwe wangu. Alikuwa na mteja, mwalimu mmoja mwenye haraka, anayepimishwa sketi mbele ya kioo. Mkwe wangu alipiga magoti akachomoa pini kutoka kwenye pindo, moja moja, na kila akichomoa, mkono ulipanda wenyewe na kuichomeka kwenye gauni lake, begani. Hakuwa anatazama. Ndivyo alivyofundishwa, aliwahi kuniambia kwamba fundi aliyemfunza alimwambia pini hupotea mezani lakini begani haipotei, na kila aliyepita mikononi mwake huchomeka pini hapohapo. Bega la kushoto. Gauni lilikuwa la maua madogo, na vichwa vya pini vilipotelea kwenye maua.

Mtoto akalia. Mkwe wangu akamwomba radhi mwalimu, akamnyanyua, akamlaza begani ili acheue. Shavu la kushoto juu ya bega la kushoto. Akampigapiga mgongo. Mtoto akalia zaidi, naye akazidi kumkumbatia, "Pole baba, gesi hiyo, pole." Alipomteremsha, mstari ulikuwa umeshachorwa.

Neno lilifika kwenye ncha ya ulimi. Tamu, jamani! Mbele ya mteja, mbele ya kioo, baada ya kutakiwa nikatwe kucha kama mwizi wa mahindi. Nikafungua mdomo. Macho yangu yakaangukia kikapu, na vile vipande vya kitambaa ambavyo bado vilikuwa na shimo la duara katikati, mahali pa mtu kujilaza. Nikaufunga mdomo. Nikimwambia, nitakuwa nimemwambia pia kwamba alimfunga rafiki yake kikapuni bure. Na aliyemwambia achague nilikuwa mimi, si mwingine.

Nikasimama nikamchukua mtoto. "Nipe mimi, malizia kazi yako," nikasema. Aliniangalia vidole, akanipa.

Mchana ule niliokota vipande kikapuni, nikashona kwa mkono kimto kidogo cha pini, nikakijaza mabaki, nikakitia mpira wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Mishono yangu ni ya kuchekesha, imekaa kama meno ya mtoto. Mteja wa mwisho alipoondoka nikamvalisha mkwe wangu mkononi.

"Cha nini, Mama?"

"Cha pini."

"Lakini pini mimi naziweka..."

Mkono wake ulikuwa tayari umepanda begani. Ukabaki hapo. Alipapasa pini moja, akapapasa ya pili, kisha akageuka taratibu kwenye kioo, akamtazama mtoto mikononi mwangu, lile shavu.

"Nilidhani ni wewe," akasema.

"Na mimi nilidhani ni paka."

Akaanza kuzichomoa. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyofikiri, na nyingine zilimchoma vidole kwa haraka yake. Alipomaliza hakulia. Alichukua kikapu, akakipanga vizuri ndani, akasema, "Twende."

Tulimkuta mtunza ghala mlangoni, mtu mnene mwenye vumbi la unga mpaka kwenye nyusi. Alifurahi kusikia tumemfuata nani. "Yule? Panya wamehama wenyewe. Ila kula kwake ni kwa shida. Analala hapa mlangoni, kila anayepita anamnusa viatu, halafu anarudi kulala."

Mkaguzi alitokea katikati ya magunia kabla hajaitwa. Alikuwa amekonda na manyoya yamekuwa meupe kwa unga. Alikuja moja kwa moja kwa mkwe wangu, akajisugua miguuni mwake huku ananguruma kwa raha mpaka mimi nikamsikia. Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimechuchumaa na mtoto, nikaubana mguu wa huyo mume wangu mchanga kwa woga wa zamani, halafu nikauachia. Paka akaunusa ule mguu mdogo, kidole baada ya kidole, kwa taratibu zake zote, kucha zake ndani. Mtoto akacheka.

"Umeona?" mkwe wangu akaninong'oneza.

Akashusha kikapu sakafuni, palepale mbele ya paka, kama siku ile. "Haya, baba. Twende nyumbani."

Mkaguzi alikisogelea. Akanusa mpini, akanusa ukingo, akaingiza kichwa ndani na kunusa vile vitambaa vyake kwa muda mrefu. Kisha akatoa kichwa, akarudi nyuma hatua moja, akarudi nyingine, akakaa mahali ambapo mkono haufiki. Mkwe wangu alipiga magoti kwenye unga, akamwita kwa majina yote aliyowahi kumpa. Paka alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akainuka akarudi kwenye magunia yake, bila haraka.

"Kesho tutakuja tena," nikasema. "Na keshokutwa. Mimi mwenyewe nitakaa hapa chini."

Alitikisa kichwa kukubali. Tulirudi kwa miguu, mimi na mtoto, yeye na kikapu. Kilikuwa kitupu, lakini njia nzima alikibeba kwa mikono miwili.