Zolile Hana Ukoo

...na vitunguu, nisisahau vitunguu, na dawa ya kikohozi ya Mama, nitapita dukani tukirudi kama Rapula hatakuwa na haraka, lakini lini Rapula hakuwa na haraka, hata sasa anahutubia juu ya maiti yangu mbiombio kama mtu anayefukuza basi, "ndugu zangu, mwamba haukumuua Zolile, kilichomuua Zolile ni haraka," anasema, na yeye mwenyewe anameza nusu ya maneno, nami nimelala kiubavu, shavu kwenye saruji ya bwalo la chakula, mguu mmoja umekunjwa kama tulivyokubaliana, kofia ngumu imebingirika hadi chini ya meza ya kwanza, pua imejaa kabichi na dawa ya kupigia deki, nimekufa saa nne na dakika ishirini asubuhi kama kawaida na nitakuwa maiti kwa dakika sita, halafu Rapula atavua koti la nyapara, atawauliza maswali, wachimbaji wataitikia kwamba ndiyo, watagonga mwamba na kuusikiliza kabla ya kuingia, watagawiwa fulana, nami nitafufuka nikunje pazia... Boitshepo huwaambia watu kanisani, mdogo wangu kazi yake ni kufa, mara tatu kwa wiki, kwenye migodi yote ya Welkom wanamjua kwa kufa, na watu wanacheka, nami nilikuwa nacheka pia, mpaka aliponitafutia kazi ofisini kwao Bloemfontein, kuuza bima ya mazishi kwa simu, una sauti nzuri, alisema, na angalau huko utakuwa umeketi, naanza Jumatatu, Rapula sijamwambia, nilitaka kumwambia asubuhi njiani lakini alikuwa anamenya yai la kuchemsha huku ameshika usukani kwa magoti, na mtu wa namna hiyo humpi habari mbaya... "Maiti kapaka rangi kucha," mmoja anasema, yuko karibu, mstari wa pili labda, na mwenzake anasema, "Mwache, huu ni mgodi wa kisasa," bwalo zima linaangua kicheko, Rapula anapandisha sauti, mimi sitikisiki, mwaka wa kwanza maneno kama hayo yalinichoma, siku hizi nawaza vitunguu, na hilo ndilo tatizo lenyewe, si wao, wao wametoka zamu ya usiku, wanataka kula na kulala, tatizo ni kwamba naweza kuwaza vitunguu. Lilianza Johannesburg, sikumbuki tarehe ila nakumbuka baridi ya Agosti, mwaka wa pili wa mchezo ule ambamo nilikuwa mama anayemtafuta mwanawe, kila jioni nalia, gazeti liliandika kwamba nalia kama mtu, si mwigizaji, na jioni moja katikati ya kilio nikajikuta nachagua vigae vya bafuni, vyeupe au vya samawati, na machozi yanaendelea kutoka kama maji ya bomba, kwa wakati wake, mahali pake, watu wakasimama kupiga makofi, mwanamke mmoja akaja chumba cha kubadilia nguo akanishika mikono akasema, umenirudishia mama yangu, na mimi nikashindwa kumtazama, nilikuwa nimemtapeli na hakujua, hakuna hata mmoja aliyejua... baada ya hapo nikawa naenda kwenye usaili kama mtu anayepeleka barua ya mwenzake, kisha nikaacha kwenda, kisha Rapula akasema kuna kazi ya michezo ya usalama migodini, na nikaona afadhali huko, huko hakuna anayetarajia kitu.

"Subiri kidogo, bwana." Si Rapula. Sauti ya mtu mzima, kushoto kwangu, na kiti kinakwaruza. Rapula anaendelea, ana dakika mbili zimebaki na hataki kuzipoteza, "kwa hiyo ndugu zangu, tukumbuke..." na yule mtu anasema, "Nimesema subiri. Unamruka."

"Samahani, Tata?" Rapula anamwita baba, kwa Kixhosa.

"Umemruka mara mbili. Umepita juu yake kwenda kule, umepita juu yake kurudi. Mtu aliyelala hivyo harukwi."

"Ni mchezo tu, Tata."

"Najua ni mchezo, mimi si mtoto. Nasema mchezo wenu una kosa." Mtu anamsihi, "Tata Mzukisi, kaa bwana, tukalale," lakini Tata Mzukisi hakai, namsikia anapumua kama mtu ambaye kifua chake kimeonja vumbi la miaka mingi, "Mmemwacha chini," anasema, "mimi nimetoa watu wanne humo chini, na kila mmoja tulizungumza naye, unamwambia sasa tunakwenda, lifti hii hapa, tunapanda, usipomwambia anabaki, mwili unapelekwa nyumbani yeye anabaki gizani anatafuta wenzake, mpaka ndugu zake waje na tawi la mkunazi kumchukua, na nyinyi hapa hata neno hamna, mnagawa fulana." Halafu Rapula anasema, "Basi tufanyeje, Tata?" na sauti hiyo ni yake mwenyewe, si ya nyapara, sijaisikia sauti hiyo mbele ya watu kwa miaka.

"Anaitwa nani?"

"Zolile."

"Zolile wa ukoo gani?"

Rapula anakohoa... hatujui, mswada una kurasa kumi na mbili, uliandikwa ofisini, unasema Zolile, miaka thelathini na minne, mchimbaji, basi, na mimi nimekufa kifo cha mtu huyu miaka sita na sijawahi kuuliza kwao ni wapi, mimi ambaye chuoni, nikiigiza malkia, nilijua jino lake gani lilikuwa linamuuma, niliandika kila kitu kilichokuwa mfukoni mwa mtumishi mwenye maneno matatu tu, Zolile sikumpa hata mfuko, nilimvaa kama ovaroli. "Hana," Rapula anasema. "Hana ukoo," mtu anarudia nyuma huko, kama anayesikia kwamba fulani hana miguu, na minong'ono inapanda, kisha mwingine anasema, "Mpeni wa kwangu, sisi Gatyeni tuko wengi, mmoja hatutamhisi," wanacheka, lakini si kicheko cha mwanzo, "Gatyeni gani," mwingine anadakia, "mpeni Mpinga, watu wa heshima," "Mpinga wote wafupi, huyu mrefu, mtazameni miguu," wanabishana juu yangu kama shangazi wanavyogombania mtoto mchanga kafanana na nani, na yule wa mstari wa pili anauliza, "Na kucha je?" na mtu ambaye hajazungumza kabla, mpole, anamjibu, "Kucha ni kazi ya mkewe. Alikuwa anamjaribia rangi Jumapili, yeye kasinzia." Na hapo namwona. Namwona Zolile amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, kichwa kimeangukia kifuani, mkewe ameushika mkono wake kwenye paja anacheka peke yake, kidole kimoja baada ya kingine, na Jumatatu hakupata muda wa kuiondoa ile rangi akaingia nayo zamu, akawa anaficha vidole kwenye glavu wenzake wasimtanie... hakuna aliyeandika hayo, nayaona tu, yanakuja yenyewe, yanakuja kwa kasi, kigoda kina mguu mmoja mfupi.

Magoti yanalia karibu na sikio langu. Tata Mzukisi amepiga magoti. Ananuka sabuni ya bafu la mgodini na tumbaku. "Gatyeni," anasema, taratibu, kama anayemgusa mtu bega asimshtue, na mimi naacha kupumua, si kuacha, naitafuta ile pumzi ndogo ya chini ya tumbo ambayo haionekani, nilifundishwa, nilidhani nimeisahau, kifua kisinyanyuke, kope zisicheze, na vidole vinakuwa baridi, baridi kabisa, kama siku ile ya mchezo wa kanisani Thaba Nchu, nina miaka kumi na mmoja, nimevikwa shuka ya malaika, nimetapika nyuma ya ukumbi wa kanisa na shangazi ananisugua mikono, ataona mtu huyu, nikikosea ataona, huyu hatapeliki, na sitaki kumtapeli, Mungu wangu, nataka iwe nzuri. "Gatyeni, zamu imetoka. Wenzako wako juu. Usibaki hapa, hakuna kitu tena hapa. Tunakwenda kwenye lifti sasa, mimi na wewe, nishike." Anaichukua kofia ngumu chini ya meza. "Inuka." Na mwili wangu wote unataka kuinuka, Rapula ameganda, najua ananitazama, nikisimama watapiga makofi na itakuwa kichekesho kizuri cha asubuhi, lakini anayekwenda ni Zolile, si huyu wa sakafuni, huyu anabaki, nikiinuka mimi yeye hataweza kwenda, kwa hiyo lala, Keneilwe, lala kama hujawahi kulala, sijawahi kufanya jambo gumu namna hii jukwaani, na Boitshepo nitampigia leo hii, sijui nitamwambiaje kuhusu Jumatatu, atapiga kelele, mwache apige. "Inama, hapo mwamba uko chini," anasema Tata Mzukisi, na hatua zake zinaanza, polepole, hatua za mtu anayemngoja mwenzake, "hapa pana reli, pandisha mguu," halafu, kwa wengine, "Wapisheni," na benchi zinavutwa, viti vinavutwa, nasikia kutoka meza moja hadi nyingine, wanapisha, tena wanapisha sana, upana wa watu wawili, mpishi amefunga bomba. Rapula amechutama, anajifanya ananiweka sawa kola. "Keneilwe," anasema bila kuchezesha midomo, "tunafanya nini sasa?" Sijui. Sijui kabisa, na miaka mingapi imepita tangu nisijue kinachofuata.

"Nyamaza," namwambia kupitia meno. "Hawajafika mlangoni."