Njia Tambarare ya Preston

Tangu wilaya imwage changarawe mahali palipokuwa na reli, kazi yangu ni kubeba watu wazima na baiskeli zao hadi juu ya mlima ili wapate kushuka. Nawapandisha kwa basi dogo, baiskeli zikining'inia kwenye tela. Kisha wanateremka kilomita ishirini na saba, wamekaa tu, vidole kwenye breki, na wakifika mjini wanapigana picha wameinua ngumi. Eti wameushinda mlima.

Reli yenyewe niliing'oa mimi nikiwa na miaka ishirini, msumari mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo njia ile naijua. Ukiitazama utaapa ni tambarare, maana msitu umeifunika pande zote na jicho halina cha kulinganisha. Lakini treni ya kupanda ilihitaji kichwa cha pili kuisukuma kwa nyuma.

Mwezi wa sita binti yangu Maybeth alimleta mchumba wake nyumbani. Anaitwa Preston, mtu wa jiji la Richmond. Nyumba yetu iko juu kabisa, karibu na ilipokuwa stesheni. Kijana alishuka garini na vazi la kubana la rangi ya limau, na baiskeli yenye bei ya trekta. Alinipa mkono laini, nikahisi nimeshika donge la unga uliokandwa.

Maybeth alinivuta jikoni.

"Baba, yule wa kwanza ulimdhihaki mpaka akakimbia. Huyu nampenda. Ukimfanyia yale yale, kanisani atanisindikiza mtu mwingine."

"Sitasema neno."

"Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu."

Nilimaanisha. Tangu mama yake afariki tumebaki wawili tu, na suti ya kumsindikizia nilishainunua Februari, kabla hata sijamwona huyo bwana harusi.

Kesho yake Preston alishuka na njia peke yake. Saa tisa nilikuwa mjini napakia abiria wa safari yangu ya mwisho, nikamwona nje ya mgahawa, makombo ya pai ya tufaha kidevuni.

"Mzee, nimetumia saa moja na robo tu," akasema. "Na wala sikukazana. Njia yenyewe tambarare. Hawa unawabeba kwenye basi wa nini? Wavivu watupu."

Hapo, kwa mara ya kwanza, tulikubaliana juu ya jambo.

"Mimi narudi kwa baiskeli," akaendelea. "Mwambie Maybeth saa kumi na moja niko mezani."

Kwenye tela kulikuwa na ndoano moja tupu. Juu ya bonde mawingu yalikuwa yameanza kushuka. Kilichotakiwa ni neno moja tu: inapanda. Nikaikumbuka ahadi yangu, na sitaficha, niliikumbuka kwa raha. Nikamwitikia kwa kichwa, nikafunga mlango wa basi.

Saa kumi na moja ikapita. Maharage yakapashwa moto mara mbili. Mvua ikaanza, na kule bondeni simu hazishiki. Maybeth alisimama mlangoni.

"Labda ametoboa tairi," akasema.

"Labda," nikajibu, nikajikatia kipande kingine cha mkate wa mahindi.

Saa moja na nusu tulimwona akitokea njiani, anaisukuma baiskeli, tope hadi magotini, midomo imepauka. Maybeth alimkimbilia kwenye mvua, akamwingiza jikoni.

"Kuna kitu kinashika gurudumu," Preston akamwambia. "Nimesimama mara nne nimeilegeza breki. Gurudumu la nyuma nimelitoa kabisa, sijaona kitu. Nadhani naumwa, Maybeth. Miguu imekataa."

Kicheko nilichokuwa nimekibana tangu saa tisa kikanitoka.

Maybeth akageuka.

"Baba, ulimwona kule mjini?"

"Nilimwona."

"Tela lilikuwa na nafasi?"

"Si uliniambia nisiseme neno?"

Hakupaza sauti. Alimvua Preston viatu, akaviweka karibu na jiko.

"Huumwi," akamwambia. "Njia inapanda. Inapanda tangu mjini mpaka hapa mlangoni, na hakuna mtu wa hapa asiyejua."

Preston alinitazama. Nilingoja anitukane, na angenitukana ningemheshimu kidogo. Alikuwa anatetemeka kwa baridi, kikombe cha chai aliyopewa kinagonga meno.

"Samahani, mzee," akasema. "Nimewachelewesha chakula."

Waliondoka asubuhi, kabla sijaamka.

Harusi ilikuwa Oktoba. Picha niliipata kwa posta, bila barua. Aliyemshika Maybeth mkono ni mjomba wake Odell, mtu asiyeweza kunyamaza hata kwenye mazishi. Preston amevaa suti ya kijivu, na imemkaa vizuri. Yangu iko kabatini, lebo haijakatwa.

Siku hizi, kila saa tisa, kabla sijafunga mlango wa basi, nawaendea wale wajinga wanaotaka kurudi kwa baiskeli. Nawaambia inapanda. Wanaitazama njia, wananitazama mimi, wanacheka.