Faili la Meno

Bi Taipu alikuwa na majivuno ya aina moja tu, lakini hayo aliyalea kama kitinda mimba: katika miaka thelathini na mmoja ya kupiga chapa kazi za Profesa, hakuwahi kukosea hata mara moja. Watu wengine hujivunia watoto wao au nyumba. Yeye alijivunia kurasa. Profesa alikuwa akizipokea, anatafuta mahali pa kutia sahihi, anatia, kisha anasema, "Kazi ya Bi Taipu haisomwi mara mbili." Halafu anaondoka na kalamu ya Bi Taipu, na kalamu hiyo ndiyo imekwenda moja kwa moja.

Huyo Profesa dunia ilimjua kama mtu aliyeeleza nyota inavyokufa. Nyota ikimaliza kuni zake, alisema, haizimiki kama taa. Inapoa polepole kwa miaka isiyotajika, na yeye ndiye aliyeandika hesabu ya kupoa huko. Mpaka leo, wanaotazama mbingu kwa mitambo mikubwa wanatumia hesabu yake kujua umri wa nyota kongwe. Vitabu vya chuo vina sura nzima yenye jina lake. Lakini pale chuoni alijulikana zaidi kwa kuja kazini na viatu visivyofanana, kwa kusahau miavuli kila alikokwenda, na kwa kumsalimia mlinzi mara tatu asubuhi moja, kila mara kwa furaha ileile. Hakuoa. Alisema hesabu inatosha kumnyima mtu usingizi.

Sasa Profesa alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, na Jumamosi chumba chake kilikuwa kifunguliwe rasmi kiwe cha kumbukumbu. Bi Taipu, mstaafu mwenye goti bovu, aliitwa kupanga karatasi, kwa sababu hakuna kiumbe mwingine aliyeelewa makabati yale. Aliyemwita alikuwa Mkurugenzi wa chuo, mwanamke wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Profesa, na ambaye Bi Taipu alimwita mwanangu hata mbele ya mawaziri.

"Mama, nina ombi moja kubwa," Mkurugenzi alimwambia Alhamisi asubuhi, amesimama mlangoni na chungu ya mafaili kifuani. "Nataka ile rasimu yake. Ile ya kosa. Aliyoiandika kwa mkono. Nimeshaagiza kabati la kioo."

"Ile ya nyota isiyozunguka?" Bi Taipu alicheka mpaka akashika goti. "Mwanangu, unataka kumuaibisha marehemu?"

"Namuaibisha wapi? Ndiyo hadithi yake nzuri kuliko zote. Na mimi nimo ndani."

Kweli alikuwamo. Miaka thelathini na minane iliyopita, makala ya kwanza kubwa ya Profesa ilipotoka, ilisomeka kana kwamba hesabu yake inafaa nyota yoyote ile. Kumbe haikufaa nyota inayozunguka, na nyota karibu zote zinazunguka. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mbali huko, akaandika barua ya mistari minne: "Mheshimiwa Profesa, naomba radhi kukusumbua. Nadhani umesahau kwamba nyota huzunguka." Wakubwa wengine nao waliandika, kwa maneno makali zaidi. Profesa alichapisha sahihisho lililokuwa fupi kuliko orodha ya sokoni: "Nilisahau. Nashukuru kukumbushwa." Kisha akamwita yule msichana aje wafanye pamoja hesabu ya nyota inayozunguka. Iliwachukua miaka sita, na hiyo ndiyo kazi iliyompa jina duniani. Msichana ndiye huyu Mkurugenzi. Alijengewa maisha na barua ile, naye hakuficha. Kila hotuba yake ilianza na siku aliyomkamata mkubwa.

Na Bi Taipu? Bi Taipu aliigeuza kuwa mzaha wa maisha. Profesa akisahau mwavuli, alisema, "Ndiyo maana. Mtu aliyesahau nyota zinazunguka atakumbuka mwavuli?" Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Profesa mwenyewe ndiye aliyecheka kwanza na kunyamaza mwisho. Wageni wakija kutoka mbali, wazee wenye tuzo, alikuwa akimsukuma kwa maneno: "Bi Taipu, hebu wasimulie ile ya nyota." Naye anasimulia, anatia chumvi kidogo, anaigiza namna Profesa alivyojikuna kichwa aliposoma barua. Aliisimulia mara mia, labda zaidi.

Kwa hiyo Alhamisi ile aliitafuta rasimu kwa moyo mweupe. Alipekua faili la Nyota, faili la Joto, faili la Barua za Hasira. Haikuwamo. Jambo hilo lilimkera kidogo, maana mafaili yote aliyapanga yeye na vichwa vyote aliviandika yeye. Aliangalia chini ya zulia. Aliangalia ndani ya mwavuli wa mwisho, ule uliofanikiwa kuzeeka bila kupotea. Hatimaye likabaki faili moja tu nyuma ya kabati, lenye kichwa MENO.

Hilo alilifungua kwa mzaha tu. Alimtengenezea Profesa faili hilo zamani, aweke kadi za daktari wa meno, lakini Profesa alimwogopa daktari wa meno kuliko moto, na kwa miaka yote Bi Taipu alijua kwamba faili ni tupu. Hakuwahi kuligusa. Ukitaka kumficha Bi Taipu kitu chumbani mle, palikuwa na mahali pamoja tu, na mtu anayesahau viatu vyake alipajua.

Ndani mlikuwa na kurasa kumi na moja za mwandiko wa Profesa, ule wa kuinama kama watu wanaopanda mlima. Alizitambua mara moja. Akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole kama alivyozoea. Ukurasa wa saba ulikuwa na sentensi mbili zinazofuatana. Ya kwanza ilisema: "Hapa tunachukulia kwamba nyota ina joto sawa pande zote." Ya pili ilisema: "Hapa tunachukulia kwamba nyota haizunguki, inayozunguka itahitaji hesabu yake."

Alisoma tena. Kidole kilibaki kwenye sentensi ya pili.

Kila mpiga chapa anaijua dhambi hiyo. Mistari miwili ikianza kwa maneno yaleyale, jicho linatoka kwenye karatasi kwenda kwenye mashine, linarudi, linatua kwenye mstari usio wake, na mstari mmoja unapotea bila kelele. Wengine ilikuwa inawapata kila wiki. Yeye aliwafundisha wasichana wapya kuweka rula chini ya kila mstari, na akiwakuta hawana rula, anawasema mpaka wanalia.

Profesa hakusahau kitu. Aliandika wazi, kwa wino mweusi, kwamba nyota huzunguka na kwamba hiyo ni kazi nyingine. Bi Taipu ndiye aliyeruka.

Pembeni ya sentensi ile palikuwa na maandishi ya penseli, madogo, ya mtu anayejiandikia mwenyewe: "Mumewe alizikwa Jumanne. Alhamisi alikuwa kwenye mashine. Nilimwambia arudi nyumbani, akakataa. Kosa ni langu. Sikusoma."

Bi Taipu alikaa kwenye kiti cha Profesa, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Wiki ile aliikumbuka yote. Alikumbuka nyumba ilivyojaa watu na bado ikawa tupu, na alivyokimbilia kazini kwa kuwa mashine angalau ilikuwa na sauti. Alikumbuka Profesa amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono, akisema, "Nenda nyumbani, mama, karatasi haziozi." Na yeye akamjibu, "Nikae nyumbani nifanye nini?" Akaendelea kugonga. Rula hakuiweka, kwa sababu machozi yalikuwa yanaangukia juu yake.

Kilichomchoma hakikuwa kosa. Kilikuwa kicheko. Miaka yote ile alisimama mbele ya wageni akimcheka mtu kwa kosa ambalo ni lake yeye, na mtu huyo akamsukuma asimulie tena. Alijihisi mdogo kama punje, na wakati huohuo akajihisi amependwa kiasi ambacho hakujua afanye nacho nini, na aliyempenda hayupo wa kushukuriwa wala wa kugombezwa. Angekuwepo, angeanza kwa kumgombeza.

Alitia ukurasa wa saba kwenye mkoba, akamwambia Mkurugenzi kwamba bado anatafuta, akaenda zake. Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza ndani ya jengo lile.

Ijumaa nzima alikaa na mkoba mapajani. Hakuna aliyejua. Angeweza kuichana ile karatasi vipande, na jina lake lingebaki safi mpaka kaburini, na Mkurugenzi angebaki na hotuba yake, na wageni wangecheka kama kawaida. Profesa mwenyewe ndivyo alivyotaka, vinginevyo asingeificha. Lakini kwa nini basi hakuichana yeye? Hilo lilimsumbua. Akafikia kuamini kwamba mtu yule alikuwa hawezi kuharibu hesabu iliyo sahihi, hata kwa ajili ya kumlinda yeye. Aliificha, hakuiua. Lililobaki alimwachia Bi Taipu.

Jumamosi, saa moja kabla ya wageni, alimkuta Mkurugenzi chumbani peke yake, anafuta kioo cha kabati kwa mkono wa nguo. Vitu vya Profesa vilikuwa vimepangwa: mwavuli, viatu visivyofanana, na mezani mashine ya Bi Taipu yenyewe, na utepe wake bado umo.

"Umeipata!" Mkurugenzi alisema alipoona karatasi.

"Soma ukurasa huo, mwanangu. Soma na pembeni. Kisha unifukuze."

Mkurugenzi alisoma. Alisoma tena, akakaa kwenye ngazi ndogo ya kufikia rafu. Nje watu walikuwa wanapanga viti.

"Kwa hiyo hakusahau," alisema mwishoni.

"Hakusahau. Mimi ndiye niliyeruka mstari."

"Mama, nimekula kwa barua ile maisha yangu yote. Nimesimama kwenye kumbi ngapi nikisema nilimkamata? Kumbe nilimkamata mpiga chapa!"

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Usingeruka, nisingeandika. Nisingeandika, asingeniita. Ningekuwa nafundisha hesabu za kugawanya huko kwetu mpaka leo." Alicheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Na siku niliyofika hapa mara ya kwanza, unajua aliniambia nini? Aliniambia, 'Ukimwona mama wa mashine, usimtajie barua yako. Hilo niachie mimi.' Nilidhani anaona aibu."

Bi Taipu alitoa leso mkobani.

"Sikiliza," Mkurugenzi alisema taratibu. "Turudishe kwenye Meno. Mimi sijaona kitu. Wewe ni mtu mzima, uliyatoa maisha yako humu. Alitaka hivi."

"Alitaka nisiumie. Sasa nimeumia, yameisha." Bi Taipu alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine yake. "Wanafunzi wanafundishwa kwamba alisahau nyota zinazunguka. Wanacheka darasani. Nani aliwafundisha kucheka kama si mimi? Nipe kadi."

Akapewa kadi nyeupe, ile iliyokusudiwa kuwekwa ndani ya kabati chini ya rasimu. Akaiingiza kwenye mashine, akakaza, akajipangusa macho kwanza, sasa vizuri, kwa leso. Akaweka rula. Akagonga, kidole kimojakimoja, kwa uangalifu wa mwanafunzi wa siku ya kwanza:

"Profesa hakusahau kwamba nyota huzunguka. Aliandika hivyo, ukurasa wa saba. Mpiga chapa wake aliruka mstari, na Profesa akasema kosa ni lake. Mpiga chapa anasahihisha."

Akaitoa, akaiangalia kwa mbali, akaiangalia kwa karibu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ashike mashine. Alimnyooshea mtu mwingine karatasi yake na kusema:

"Isome kwanza. Kila herufi. Usiniamini."

Mkurugenzi aliipokea. Alitafuta kalamu mezani, akaikosa, akaichukua ile iliyokuwa mfukoni mwa Bi Taipu. Akatia sahihi yake chini ya kadi bila kuiangalia, akafungua kabati, akaiweka ndani pamoja na ukurasa ule wa saba, akafunga kioo kwa ufunguo.

"Kazi ya Bi Taipu haisomwi mara mbili," alisema.

Kisha akatoka kwenda kuwapokea wageni, akaondoka na kalamu.