Chipu Iliyofutwa kwa Petroli

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilijua kila kitu. Ndiyo maana baba yangu, Mzee Wasike, mstaafu wa reli, aliponitafutia kazi ya ukarani katika ofisi moja mjini, nilimwambia siitaki. Nilikuwa najifunza kuunda saketi za kidijitali kwa Mwalimu Nabalayo, mama wa mtaa wa Donholm mwenye karakana nyuma ya nyumba yake, na nilikuwa nimejitolea kuliundia kanisa letu mashine.

"Haya, Job," baba akasema. "Jumapili ya mashindano ya maswali ya Biblia ulete hiyo mashine yako kanisani. Ikishindwa, Jumatatu unaingia ofisini, na sitaki kelele."

Mashine yenyewe ilikuwa rahisi, au ndivyo nilivyotangazia mtaa wetu mzima wa Dandora. Vikundi vitatu, kila kimoja na kitufe chake na taa yake. Atakayebonyeza kwanza taa yake iwake, wengine wafungiwe. Mwaka uliotangulia akina mama na vijana walikuwa wamegombania nani aliinua mkono kwanza, hadi pasta akafunga mkutano kwa maombi kabla ya wakati.

Akili yote ya mashine ilikaa ndani ya chipu moja nyeusi yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Uzuri wa chipu ile ni kwamba unaiandikia saketi kwa kompyuta, na ukikosea unaifuta, unaandika upya. Mwalimu alikuwa na moja tu ya kunipa. Siku aliyofundisha kufuta, nilikuwa natikisa kichwa kama mtu anayeelewa sana, na kwenye daftari nikaandika maneno matatu kwa herufi kubwa, kama kawaida yangu: KUFUTA – JUA KALI. Mengine sikuandika. Niliona ni kupoteza wino.

Wiki ya mashindano Mwalimu akaenda Bungoma matangani, akaniachia ufunguo. Niliandika saketi yangu ndani ya chipu, nikaunganisha vitufe na taa, nikawasha. Taa zote tatu zikawaka. Nikabonyeza kitufe cha kwanza. Taa yake ikazimika. Nilikuwa nimesahau alama moja tu, ile ndogo ya "siyo" inayopindua jibu, na mashine sasa ilimzimia taa mshindi na kuwawakia walioshindwa.

Sikutishika hata kidogo. Nilifungua daftari, nikasoma, nikavaa shati safi nikaenda Kiamaiko, kwenye mabanda ya mafundi wa mitaani tunaowaita jua kali, ambako fundi mmoja aitwaye Ochola alikuwa anachomelea geti.

"Niaje," akasema. "Unataka mlango?"

"Nataka unifutie hii."

Aliigeuza chipu kiganjani. "Hii dudu ni ya nini?"

"Ni ya kompyuta," nikajibu kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Mwalimu amesema nyinyi ndio mnafuta."

Kama kuna heshima duniani, Ochola anayo. Hakucheka. Aliloweka brashi kwenye petroli, akasugua chipu mguu kwa mguu, akaipangusa kwa kitambaa, akakishughulikia kile kidirisha hadi kikang'aa. Nilisimama pembeni nikimwelekeza. "Hapo kwenye kona, bado kidogo," nilisema. Nikikumbuka hilo hadi leo masikio yananiwaka.

Jumamosi nikaiweka chipu kwenye kifaa cha Mwalimu cha kuandikia chipu. Ikakataa: chipu si tupu. Nikaitoa, nikaipumulia, nikaifuta kwa shati. Si tupu. Hapo ndipo woga uliponishika kwelikweli, kwa sababu niliiona Jumatatu imenikalia mbele na tai shingoni.

Jumapili kanisa lilijaa. Msoma maswali alikuwa baba yangu. Niliwasha, taa tatu zikawaka kabla mtu hajagusa kitu, na akina mama wakapiga makofi. Ningeweza kusema nimeiunda hivyo makusudi. Nilitamani sana kusema hivyo.

"Nimekosea," nikasema. "Nimeiandika kinyume. Ambaye taa yake itazimika ndiye wa kwanza. Nilijaribu kuifuta nikashindwa."

"Uliifuta vipi?" sauti ikauliza kutoka viti vya nyuma. Mwalimu Nabalayo alikuwa amerudi asubuhi hiyo.

"Kwa jua kali, Mwalimu, kama ulivyosema. Kule Kiamaiko. Na petroli."

Akanyoosha kidole kwenye dirisha. "Job. Jua! Jua kali! Uianike wiki nzima, mwanga uingie kwenye kioo!" Kanisa lote likaangua kicheko, pasta akiongoza. "Na hata hivyo," akaendelea akifuta machozi, "si ungegeuza tu nyaya za taa? Ni kazi ya dakika tano."

Nikatamani sakafu inimeze. Mashindano yakaendelea, taa zikizimika moja moja, na hakuna aliyegombana na mtu. Walikuwa wamechoka kwa kucheka.

Kibarazani baba alinisubiri, kofia mkononi.

"Kesho nifike ofisini saa ngapi?" nikamuuliza.

"Ofisi gani?" akasema. "Mtu wa namna yako apewe faili za watu? Kesho unarudi kwa huyo mama, na ukifika, uandike kila neno analosema."