Inchi za Kona kwa Kona

Futi hakuwa mtu wa kukaa kitako. Alikuwa fundi seremala, na jina hilo walimpa kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka mfukoni. Hata siku ya harusi yake ilimbana paja, akaitoa mbele ya wageni akaiweka mezani pembeni ya keki. Ukimwambia kitu fulani ni kikubwa, anakuuliza: kikubwa kiasi gani?

Sasa mkewe alikuwa na mimba iliyokaribia, na mkunga wa kliniki alishasema: mama, lala ubavu wa kushoto, usinyanyuke ovyo mpaka mtoto atoke. Kulala si kazi. Kazi ni kulala bila la kufanya. Na mkewe alikuwa mtu wa kusoma. Hadithi zote za mle nyumbani alizimaliza, akasoma gazeti lililofungiwa misumari, akasoma kopo la vanishi mbele na nyuma. Kwenye simu herufi zilikuwa kama sisimizi, zinamtoa machozi. Ikawa kila Futi akichungulia chumbani, anamkuta kasimama dirishani.

"We mwanamke, mkunga alisemaje?"

"Nimechoka kuangalia ukuta. Ukuta wako nimeshaumaliza, hauna hata mwisho mzuri."

Futi alicheka, lakini moyoni aliogopa. Akaona dawa ni moja: tableti, ijazwe vitabu, mtu atulie kitandani. Hela ya kazi ya makabati ilikuwa imeingia.

"Chukua ndogo," mkewe akamwambia. "Ya kushikika."

"Ndogo ya nini? Na nani kakwambia utashika kitu? Wewe utalala tu, nitakutengenezea."

Akapiga simu dukani, akaambiwa zipo za inchi kumi. Basi, hakuuliza la pili. Akajifungia karakanani, akachonga fremu ya mbao ngumu. Tundu la kioo upana inchi kumi kamili, na kuzunguka tundu akaacha mfuo wa kukamatia kingo. Akaipa mkono wa kukunja wa kufunga kwenye kitanda. Akapiga msasa mpaka ikawa laini kama shavu.

Dada yake, aliyekuja kuwapikia, aliizunguka ile fremu kaushika mwiko.

"Mdogo wangu, unataka kumnyonga wifi yangu?"

"Ngoja uone ikifanya kazi."

"Mchagua jembe si mkulima. Wewe ndiyo kabisa, jembe huna, umeanza na mpini!"

Futi akaibeba fremu begani, huyo, mpaka dukani. Muuzaji, binti wa miwani, akamletea ya inchi kumi. Futi akaiingiza kwenye fremu. Ikapita tunduni moja kwa moja ikatokea upande wa pili, binti akaidaka.

Futi akachomoa futi yake, akapima kioo.

"Dada, mnanipunja. Hapa hamna kumi. Ni nane na nusu hii!"

"Kioo kinapimwa kona kwa kona, kaka."

"Kona kwa kona? Kona kwa kona sisi mafundi tunapima kuangalia kama fremu imepinda, siyo kuuzia watu!"

"Basi jipime na wewe," akadakia mteja mmoja mnene. "Naona hapa kuna kitu kimepinda."

Duka zima likacheka. Futi akanuna. Kukosea kipimo, yeye? Binti akaleta kubwa kuliko zote, akaiweka kwenye fremu. Ikakaa kwenye mfuo kama jino kwenye ufizi. Uso wa Futi ukafunguka.

"Funga hiyo."

"Unayemnunulia anasoma amekaa?"

"Amelala. Ubavu wa kushoto."

"Umeshajaribu kusoma hivyo?"

Futi si mtu wa kuambiwa hajajaribu. Palikuwa na benchi la wateja, akajilaza ubavu wa kushoto, miguu inaning'inia, akamwomba yule mnene amshikie fremu usoni, vile itakavyokaa kitandani. Mistari yote ikasimama kama ngazi.

"Igeuze."

Mnene akageuza. Shingo ikamuuma, akasogeza kichwa kidogo tu, na kioo chote kikabaki kule kilikokuwa.

"Sogeza huku. Hapana, juu. Rudi."

"Fundi, mimi nimekuja kununua chaja!"

Mke wake alijigeuza mara ngapi kwa usiku? Kila saa alikuwa akitafuta mahali pa kuweka hilo tumbo. Nani angekuwa anamsogezea huu mti? Futi akaichomoa tableti kwenye fremu, akaishika kwa mkono mmoja. Mkono wa kupiga randa kutwa nzima, lakini haikuchukua muda ukachoka. Ikamtoka, ikamtandika puani.

Hapo ndipo lile neno la mkewe lilipomrudia. Ya kushikika.

"Lete ile ndogo," akasema, kajishika pua.

Binti akaleta ya inchi sita, ya kusomea vitabu tu, kioo chake hakichomi macho, herufi unazikuza utakavyo. Ikalala kiganjani kama kipande cha sabuni. Kidole gumba kikafunua ukurasa, mkono wa pili hauna kazi. Futi akageuka huku, akageuka kule, nayo ikamfuata. Akafunua ukurasa mwingine. Na mwingine.

"Kaka," binti akasema, "hapa si gesti."

Jioni mkewe alikuwa kitandani, ubavu wa kushoto, ile ndogo mkono mmoja, mkono wa pili tumboni. Dirishani hapakuwa na mtu. Fremu Futi aliifunga hivyo hivyo pembeni ya kitanda, tupu, kwa ubishi tu, baada ya kuwasimulia ya dukani.

"Niivunje?" akauliza.

"Uvunje nini?" Dada yake akaukunjua ule mkono wa fremu, akaukunja, akautundikia nepi mpya alizotoka kuzifua. Zikakaa vizuri ajabu. "Nilijua una akili, mdogo wangu. Ila inakuja kona kwa kona."

"Dada, na wewe!"

"Nyamazeni wote wawili," mkewe akasema bila kuinua macho kwenye hadithi yake. "Ndiyo kwanza anafungua mlango."

Futi akaketi miguuni pake. Akakaa kitako, akisubiri kuambiwa nyuma ya mlango kuna nani.